MAJINA YALIYOAFIKIANA NA WATU WALIOTAFAUTIANA

Miongoni mwa elimu ambazo wanavyuoni wa zamani walizishughulikia sana, na sisi leo tumezipuuza, ni elimu ya majina. Wao walijua kwamba jina moja huweza kuwa la watu wengi, na kwamba mwenye kulisoma jina bila ya kumjua mwenyewe ni mfano wa mtu aliyepokea barua isiyokuwa yake: ataifungua, ataisoma, na pengine atalitenda lililoamrishwa ndani yake, na hali hakuandikiwa yeye. Kwa ajili hiyo wakaiwekea jambo hili mlango wake peke yake, wakauita al-muttafiq wal-muftariq, yaani majina yaliyoafikiana na watu waliotafautiana. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 H. (1071), alitunga kitabu kizima kwa jina hilo.

Tumependa katika somo hili tuueleze mlango huu kwa ufupi, kisha tuuchukue tuutumie katika khabari za pwani yetu hii. Kwani baina ya Takaungu na Gasi wamepita watu ambao majina yao yameafikiana hata khabari zao zikachanganywa, akasifiwa huyu kwa alilolitenda yule, na akalaumiwa yule kwa alilolitenda huyu. Na kumpa mtu sifa au lawama isiyokuwa yake ni dhuluma, sawasawa akiwa hai au akiwa amekwisha kufa.

Mlango huu katika vitabu

Mfano wa kwanza ni Anas bin Malik. Kila mwanafunzi wa chuo akilisikia jina hili hukumbuka yule sahaba wa Ki-Ansari aliyemkhudumia Mtume (S.A.W.) miaka kumi, akapokea hadithi nyingi mno. Lakini katika masahaba yumo Anas bin Malik mwengine, naye ni wa Banu Ka'b, aliyepokewa hadithi ya kupunguziwa msafiri sala na saumu. Asiyejua kwamba hawa ni wawili ataihesabu hadithi ya huyu katika mapokezi ya yule. Na wote wawili si Malik bin Anas, Imam wa Madina mwenye Muwatta', ambaye jina lake ni kama jina lao lililopinduliwa.

Mfano wa pili ni al-Khalil bin Ahmad. Ibn as-Salah, aliyefariki mwaka 643 H. (1245), amewataja watu sita walioitwa hivyo, wa kwanza wao akiwa yule mwanachuoni wa lugha, mwalimu wa Sibawaih. Watu sita, jina moja, na jina la baba moja.

Mfano wa tatu ndio unaotuhusu sisi zaidi, kwa kuwa vitabu vyao vyasomwa katika darasa zetu kila siku, nao ni Ibn Hajar. Mara ngapi tumesikia mtu akisema, "Ibn Hajar amesema hivi," na wasikilizaji wakanyamaza, hapana aliyeuliza ni Ibn Hajar yupi? Wa kwanza ni Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 H. (1449), mwenye Fat-hul Bari, ambayo ni sharhi ya Sahihul Bukhari, na mwenye Bulughul Maram. Wa pili ni Ibn Hajar al-Haitami, aliyefariki Makka mwaka 974 H. (1567), mwenye Tuhfatul Muhtaj, ambayo ni sharhi ya Minhaj ya Imam Nawawi. Wote wawili jina lao ni Ahmad. Wote wawili laqabu yao ni Shihabuddin. Wote wawili ni Mashafii. Wote wawili walizaliwa Misri. Yote yameafikiana ila zama na kazi: wa kwanza ni bingwa wa hadithi, na wa pili ni katika marejeo makubwa ya fiqhi, na baina ya kufa kwao ni miaka ya Hijra mia moja na ishirini na miwili.

Kisha limetokea jambo jengine la kutatiza zaidi. Yuko na Nuruddin al-Haithami, mwenye Majma'uz Zawa'id, aliyefariki mwaka 807 H. (1405), naye ni mwalimu wa huyo al-Asqalani. Huyu nisba yake ni kwa harufi ya tha yenye nukta tatu, na yule wa Tuhfa ni kwa harufi ya ta yenye nukta mbili. Nukta moja imewafarikisha watu wawili ambao baina yao ni zaidi ya karne moja na nusu! Na katika maandishi yetu ya Kiswahili, ambamo watu hawajali baina ya t na th, hata nukta hiyo hupotea.

Mbaruk bin Rashid wawili

Sasa na tuondoke katika vitabu tuje katika pwani yetu. Mtu wa Tiwi akishuka kwa njia ya kusini, akaipita Diani, kabla hajafika Msambweni ataikuta Gasi. Hapo ndipo palipokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, ambaye jina lake lingali katika vinywa vya watu wa pande hizi. Lakini wengi wanaolitaja jina hilo hawajui kwamba katika vita vya mwaka 1895 walikuwako Mbaruk bin Rashid wawili, wote Wamazrui, wote wakipigana upande mmoja.

Asili ya jambo ni hii. Wamazrui waliitawala Mombasa kwa karibu miaka mia moja, mpaka mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan alipoitwaa Ngome. Wakubwa wao wakakamatwa wakahamishwa, wakapelekwa Bandar Abbas. Waliosalia wakagawanyika makundi mawili: wengine wakaenda kaskazini wakakaa Takaungu, karibu na Kilifi, na wengine wakaja kusini wakakaa Gasi. Tangu hapo ukawa ukoo mmoja una miji miwili, na kila mji una mkubwa wake.

Mbaruk wa Gasi ni Mbaruk bin Rashid bin Salim. Baba yake ndiye aliyekuwa liwali wa mwisho wa Kimazrui katika Mombasa, aliyeondoshwa mwaka huo 1837, akamwacha yeye angali mtoto mdogo. Huyu ndiye aliyepigana na dola ya Unguja mara kadha wa kadha katika zama za Sayyid Barghash, na ndiye aliyezingirwa katika ngome yake ya Mwele, bara nyuma ya pwani yetu, mwaka 1882, na majeshi ya Sultani yaliyoongozwa na Mngereza Lloyd Mathews.

Mbaruk wa Takaungu ni Mbaruk bin Rashid bin Khamis. Huyu alikuwa kijana kuliko yule. Mwezi wa Februari 1895 alifariki ami yake, Salim bin Khamis, aliyekuwa mkubwa wa Takaungu. Mbaruk huyu akauona ukubwa kuwa ni haki yake. Lakini Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikiiendesha pwani wakati huo ikampendelea mtoto wa marehemu, ikamweka yeye. Hapo ndipo fitina ilipoanza. Mbaruk wa Takaungu akatoka, akapigana, akashindwa huko kaskazini, akakimbilia Gasi kwa Mbaruk mkubwa. Yule mzee akatakiwa amtoe jamaa yake, asimtoe. Kwa hivyo vita vilivyoanzishwa na Mbaruk mmoja kwa sababu ya Takaungu vikamwangukia Mbaruk mwengine katika Gasi, na khasara yake ikaenea pwani yote ya kusini.

Tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza iliichukua nchi mkononi mwa Kampuni. Tarehe 17 Agosti mwaka huo huo ngome ya Mwele ikatekwa na Admirali Rawson. Vita havikwisha kwa kutekwa ngome. Viliendelea hata askari wa Kihindi wakaletwa mwaka 1896. Mwezi wa Aprili mwaka huo Mbaruk wa Gasi akavuka mpaka pamoja na watu wake, akajisalimisha kwa Wajerumani. Akakaa Dar es Salaam mpaka alipofariki mwaka 1910.

Basi tazama yatokeayo mtu akiwafanya hawa wawili kuwa mmoja. Husema kwamba Mbaruk wa Gasi alipigana kwa kutaka ukubwa wa Takaungu, na hali yeye alikuwa na mji wake, na ugomvi wake na Unguja ulianza miaka mingi kabla ya Salim bin Khamis kufa. Au husema kwamba aliyedhulumiwa haki yake mwaka 1895 ndiye aliyezingirwa Mwele mwaka 1882, akayafanya mapigano ya zamani na Sayyid Barghash kuwa yalitokana na jambo lililokuwa halijatukia. Na lililo kubwa zaidi ni kwamba humpotezea yule mzee hoja yake. Kwani mwenye kuwajua kuwa ni wawili huona kwamba mzee huyu, katika vita vyake vya mwisho, aliingia kwa kukataa kumtoa jamaa yake aliyemkimbilia. Mtu aweza kumsifu kwa jambo hilo, na aweza kumlaumu kwa kuwaingiza watu wake katika vita visivyokuwa vyao. Lakini kwanza sharti ajue kwamba hilo ndilo alilolitenda. Asiyewafarikisha hawezi kumsifu kwa haki wala kumlaumu kwa haki.

Rashid bin Salim wawili

Pengine msomaji atasema: "Dawa ni nyepesi. Tutaje jina la tatu, tuseme Mbaruk bin Rashid bin Salim na Mbaruk bin Rashid bin Khamis, shaka itaondoka." Ni kweli kwamba jina la tatu hufaa, na lau watu wangelishika makosa mengi yangepungua. Lakini hapa hasa jina la tatu limefungua mlango wa kosa jengine.

Yule mtoto wa Salim bin Khamis aliyewekwa na Kampuni huko Takaungu mwaka 1895, jina lake aliitwa nani? Aliitwa Rashid bin Salim. Na baba yake Mbaruk wa Gasi, liwali wa mwisho wa Mombasa, aliitwa nani? Naye pia aliitwa Rashid bin Salim. Basi mtu akisoma "Mbaruk bin Rashid bin Salim alipigana, na Rashid bin Salim alikuwa upande wa serikali," atadhani kwamba mtoto alimpiga vita baba yake mzazi! Na si hivyo kabisa. Rashid bin Salim wa kwanza ni Rashid bin Salim bin Ahmed, aliyeondoshwa Mombasa mwaka 1837. Rashid bin Salim wa pili ni Rashid bin Salim bin Khamis, aliyewekwa Takaungu mwaka 1895. Baina ya kuondoshwa huyo na kuwekwa huyu ni miaka 58.

Hapa ndipo wanavyuoni waliposema kwamba nasaba peke yake haitoshi, bali hapana budi kujua na tabaka, yaani zama alizoishi mtu. Nasaba hufarikisha baina ya watu wa zama moja, na zama hufarikisha pale nasaba inapofanana. Mwenye kuyashika yote mawili hapotei.

Jina moja kwa sura nyingi

Kosa jengine ni kinyume cha hilo, nalo ni kumfanya mtu mmoja kuwa watu wengi. Jina la Mbaruk asili yake katika Kiarabu ni Mubarak. Katika vitabu na barua za Wazungu limeandikwa Mbaruk, na Mbarak, na Mubarak. Na mji wake umeandikwa Gasi na Gazi. Msomaji asiyekuwa na hadhari huona majina matatu akadhani ni watu watatu, kisha akiwatafuta Mbaruk wawili wa kweli huwafanya mmoja. Amewazidisha walio mmoja, na amewapunguza walio wawili!

Na katika mlango huu huu mna yale majina yanayokaribiana bila ya kuwa sawa. Sultani wa Unguja wakati wa vita hivyo vya 1895 alikuwa Hamad bin Thuwaini, aliyetawala tangu 1893 mpaka alipofariki Agosti 1896. Baada yake aliwekwa Hamud bin Muhammad, akatawala mpaka 1902. Hamad na Hamud kwa harufi za Kiarabu hazitafautiani ila kwa wau moja, na mara nyingi twaona mambo ya huyu yakiandikwa chini ya jina la yule. Na baina yao, kwa muda usiofika siku tatu, alikuwako Khalid bin Barghash, naye si Khalid bin Said, yule mtoto wa Sayyid Said aliyefariki mwaka 1854.

Jina lililopinduliwa

Aina ya mwisho tutakayoitaja ni jina la mtu ambalo ukiligeuza linakuwa la mtu mwengine, kama tulivyoona katika Anas bin Malik na Malik bin Anas. Mfano wake ulio karibu nasi umo katika ukoo huo huo wa Mazrui, upande wa elimu.

Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui alikuwa mwanachuoni mkubwa wa Mombasa, akafariki mwaka 1894. Mtoto wake ni Sheikh al-Amin bin Ali, aliyezaliwa mwaka 1891, akamwacha baba yake akifa naye ana miaka mitatu. Huyu ndiye aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947, na ndiye aliyeandika tarikhi ya ukoo wake kwa Kiarabu. Yeye alimpa mtoto wake jina la babu, akamwita Ali. Huyo ndiye Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933 na kufariki Marekani mwaka 2014, akaletwa akazikwa kwao Mombasa.

Basi babu ni Ali, na mjukuu ni Ali. Baba ni al-Amin bin Ali, na mtoto ni Ali bin al-Amin. Wazungu, ambao hawaandiki "bin", huandika "Al-Amin Ali Mazrui" na "Ali Al-Amin Mazrui", na mwanafunzi asomaye kwa haraka huona ni jina moja lililotangulizwa na kuakhirishwa. Kisha katika ukoo huo akatokea Profesa Alamin Mazrui, mwanachuoni wa lugha ya Kiswahili na mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki ya mwaka 1981. Yeye na Profesa Ali wametunga pamoja vitabu kwa Kiingereza, ukasimama "Ali" na "Alamin" katika jalada moja! Mwenye kutia katika mkono wa Kadhi Mkuu kitabu kilichotungwa miaka mingi baada ya kufa kwake, hilo si kosa la kalamu tu. Amemsemesha maiti maneno asiyoyasema.

Na ada hii ya kumpa mtoto jina la babu si ya ukoo huo peke yake. Ni ada ya pwani yote, ya mjini na ya mashambani, nayo ni ada njema, kwani huhuisha jina la mzee aliyetangulia. Lakini kila ada njema ina haki yake, na haki ya hii ni kuhifadhi nasaba. Ukoo unaorudia majina bila ya kuandika nani ni nani, baada ya vizazi vitatu wazee wake wote huwa mtu mmoja.

Mambo ya kutazama

Kwa hivyo mwenye kupokea khabari ya mtu, kabla ya kuieneza, na atazame mambo matano:

1. Nasaba: jina lake, la baba yake na la babu yake.
2. Nisba: kabila lake, na mji wake. Mbaruk wa Gasi si Mbaruk wa Takaungu.
3. Zama: mwaka wa kuzaliwa au wa kufa, au tukio linalojulikana aliloshuhudia.
4. Kazi na cheo: mwenye Fat-hul Bari si mwenye Tuhfa, na liwali si kadhi.
5. Khati: namna jina lilivyoandikwa, na kama sura hizo mbili ni za mtu mmoja au za watu wawili.

Ikiwa baada ya haya angali na shaka, basi na anyamaze, au aseme khabari bila ya kumtia mtu jina. Kunyamaza hakumpunguzii kitu, lakini kusema bila ya yakini huweza kumvunjia mtu heshima yake.

Yatupasayo sisi

Asidhani mtu kwamba jambo hili ni la wasomaji wa tarikhi peke yao. Kila siku katika vijiji vyetu, Tiwi na Waa na Ukunda na Msambweni, watu huandika wasia, na wakfu, na hati za deni, na makubaliano ya kuuza minazi na viwanja. Na humo huandika "Ali bin Juma" au "Hamisi Ali" basi, kwa kuwa wakati huo kila mtu amjua mwenyewe. Lakini karatasi huishi kuliko mashahidi. Hupita miaka arubaini, mashahidi wote wamekwisha kufa, na katika kijiji wamo Hamisi Ali watatu, na kila mmoja ana watoto. Hapo ndugu huburutana mahakamani kwa ajili ya jina ambalo lau lingeongezwa neno moja, au jina la mama, au jina la kitongoji, isingetokea khitilafu.

Twakumbuka kwamba pwani hii, tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, mwenye kudai ardhi yake alitakiwa apeleke dai lake liandikwe. Yaliyoandikwa kwa ukamilifu yamewafaa wajukuu, na yaliyoandikwa kwa ufupi yamewaachia mashaka. Leo mtu aliye hai ana nambari ya kitambulisho inayomfarikisha na wenziwe wa jina lake. Lakini babu zetu hawakuwa na nambari. Hawana cha kuwatambulisha ila nasaba yao tuliyoihifadhi sisi.

Basi twawausia ndugu zetu mambo matatu yasiyokuwa na gharama. La kwanza, kila nyumba iwe na daftari la nasaba, limeandikwa ndani yake majina ya wazee mpaka pale yanapojulikana kwa yakini, na mji wa kila mmoja, na mwaka wa kufa kwake, na mahali alipozikwa. Na wazee waulizwe sasa, kabla ya kuondoka na elimu yao. La pili, katika kila hati yaandikwe majina matatu na mahali mtu akaapo, wala pasitosheke na mawili. La tatu, waalimu wa vyuo na wa darasa wawazoeze wanafunzi, kila linapotajwa jina, waulize: "Ni yupi?" Mwanafunzi aulizaye "Ibn Hajar yupi?" hakumkosea adabu mwalimu wake, bali amefuata njia waliyoipita wanavyuoni wenyewe.

Na mtu atakayekwenda Gasi, akaambiwa, "Hapa ndipo pake Mbaruk bin Rashid," na aseme: "Mwenyezi Mungu amrehemu. Mtoto wa Rashid yupi?" Akijibiwa kwa yakini, atakuwa ameipata khabari yake kama ilivyo, na asipojibiwa, atakuwa amejua ni nini kinachomlazimu kukitafuta.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, kila mmoja kwa jina lake na kwa amali yake, na atujaalie tuwe katika wenye kuzirudisha amana kwa wenyewe. Amin.